Jina la Mkimbizi Halipaswi Kulala Ndani ya Flashi

GOMA – Orodha ya misaada inapokosewa, anayelipa si yule aliyekosea. Anayelipa ni mama aliyepanga mstari tangu alfajiri, jetoni mkononi na mtoto mgongoni, kisha anaambiwa: "Mama, jina lako halionekani." Anaulizwa kama kweli aliandikishwa. Anatumwa kwa mkuu wa bloku, mkuu wa bloku anamrudisha ofisini, na ofisini wanamwambia arudi Jumatatu. Jioni kambini watu wanasema: jina limeuzwa.

Wizi wa majina upo, na anayeufanya anastahili sheria. Lakini kuna majina ambayo hayakuuzwa na mtu yeyote. Yalipotea ndani ya ofisi, mchana kweupe, mbele ya watu wenye nia njema, kwa sababu ofisi ile ina kompyuta saba na orodha saba. Hakuna mahali pamoja pa kuweka kazi. Hakuna seva.

Neno hilo likitajwa kwenye mkutano, wakubwa wanatazama saa. Wanasema hilo ni jambo la mafundi, wafundi watalishughulikia mradi mpya ukija. Hapana. Mahali ambapo jina la mkimbizi linalala, nani anaweza kulisoma, nani anaweza kulifuta, hilo ni jambo la mkimbizi mwenyewe kabla ya kuwa la fundi. Na wakati umefika liamuliwe vizuri.

Majina yanavyopotea bila mwizi

Msikilizaji achukue ofisi yoyote ya shirika dogo la kiraia, iwe Goma, Bukavu, Bunia au Beni. Mkurugenzi ana mashini mpya yenye Windows 11. Mhasibu bado ana Windows 7, kwa kuwa programu yake ya hesabu ilifungwa humo na aliyeifunga amekwenda zake. Mashini mbili za mitumba zina Windows 10. Mgeni mmoja alipomaliza mkataba wake aliacha Mac. Kijana wa takwimu ameweka Ubuntu, kwa kuwa amechoshwa na virusi. Maajenti wanaozunguka kambini wana simu za Android zenye KoboCollect. Hakuna aliyepanga mchanganyiko huo. Kila mradi ulileta chake, ukaondoka.

Sasa orodha. Jumatatu ajenti mmoja anaichukua kwenye flashi, anakwenda kambini, anaongeza jamaa 40 zilizofika usiku. Siku hiyohiyo ajenti mwingine amebaki ofisini na nakala yake, anasahihisha majina 15 yaliyoandikwa vibaya. Jumanne wote wawili wanaleta kazi yao kwenye mashini ya msimamizi. Wa kwanza ananakili faili lake. Wa pili ananakili la kwake juu yake, lenye jina lilelile. Kompyuta inauliza kama ifute la zamani, naye anabonyeza ndiyo, kwa maana anajua kazi yake ni ya leo.

Jamaa 40 zimetoweka. Hakuna aliyeiba. Hakuna hata anayejua, mpaka siku ya ugawaji.

Ndiyo sababu kwenye mashini za ofisi nyingi utakuta liste_finale, na kando yake liste_finale_2, kisha liste_finale_corrigée, kisha liste_finale_vraie. Majina hayo ya mafaili yanachekesha mpaka ukumbuke kwamba ndani yake mna chakula cha watoto. Orodha ya mwisho ikiwa nne, hakuna orodha ya mwisho.

Flashi imekuwa ghala la taifa

Flashi ni kitu kizuri cha kubeba wimbo au barua. Kuifanya ghala la majina ya watu ni uzembe, na uzembe huo umezoeleka mpaka unaitwa utaratibu.

Flashi haijui nani anaisoma. Ikiangushwa ndani ya teksi, aliyeiokota amepata majina, namba za simu, kijiji ambacho kila mtu alikikimbia, na hema analolala leo. Katika nchi hii kila mtu anajua kuna watu ambao wangetaka sana kujua nani alitoka kijiji gani na sasa yuko wapi. Flashi inabeba virusi kutoka sekretaria ya barabarani mpaka kwenye mashini ya mhasibu. Na flashi inakufa bila kuugua: leo inafunguka, kesho mashini inasema haiitambui.

Kuna lililo baya zaidi. Wapo wanaofuatilia kesi za wanawake na wasichana waliobakwa. Maelezo ya kesi hizo, yenye jina na siku na mahali, yanatembea kwenye flashi ileile yenye picha za harusi na ripoti ya mafuta ya gari. Mama aliyekubali kusema yaliyompata aliambiwa mambo yake yatakaa siri. Aliyemwahidi hivyo hakuwa na kabati la kuyafungia.

Na WhatsApp? WhatsApp ni flashi yenye mabawa. Orodha ikitumwa kwenye kundi la watu 30, zipo nakala 30 kwenye simu 30. Simu zinaibwa, zinaazimwa, zinauzwa soko la Virunga. Hakuna anayeweza kuirudisha orodha hiyo nyumbani.

Seva ni nini, kwa maneno ya nyumbani

Seva ya mafaili ni kompyuta moja inayokaa ofisini na kazi yake ni kutunza dosie za wote. Kompyuta nyingine zinaifikia kwa kebo au kwa Wi-Fi ya ndani. Haihitaji intaneti, kama vile watu wa nyumba moja hawahitaji simu ili kuongea mezani. Orodha inakaa humo, moja tu. Anayeifungua anafungua hiyo. Mwingine akitaka kuiandika wakati huohuo, programu inamwambia kwamba imeshikwa na fulani. Anaweza kuisoma, na kuandika atangoja. Kungoja huko kwa dakika kumi kungeziokoa zile jamaa 40.

Tena seva ina milango. Dosie ya ugawaji wanaiandika watu wawili, wengine wanaisoma. Dosie ya mishahara ni ya mhasibu na mkurugenzi. Dosie ya kesi za ubakaji ni ya yule anayezifuatilia, na hata mkurugenzi haingii humo kwa sababu tu ni mkurugenzi.

Shida ni ule mchanganyiko. Windows, Mac, Linux na Android hazikukua katika nyumba moja, na kila moja ilikuwa na lugha yake ya kuombana mafaili. Windows inatumia lugha inayoitwa SMB, iliyozaliwa IBM mwaka 1983. Ulimwengu wa Unix ulipata NFS kutoka Sun Microsystems mwaka 1984. Apple ilikuwa na AFP yake. Miaka mingi mafundi waligombana juu ya lugha hizo.

Ugomvi huo umekwisha, na wakubwa wa ofisi wanapaswa kujua kwamba umekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijana wa Australia, Andrew Tridgell, alianza kuandika programu inayoifanya mashini ya Unix iongee SMB na mashini za Windows. Iliitwa Samba. Ni ya bure, na kanuni zake ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Apple nayo, tangu mwaka 2013, imeifanya SMB kuwa lugha ya kwanza ya Mac zake. Linux inaiongea. Simu ya Android inaifikia kwa programu ndogo ya mafaili. Kwa hiyo ofisi yenye mashini za kila kabila inahitaji lugha moja tu, na mashini zake zote tayari zinaijua.

Jibu basi ni hili: kompyuta moja ndogo yenye Linux na Samba, ndani ya ofisi, chini ya mamlaka ya ofisi yenyewe. Wanaokataa wana hoja zao. Zichukuliwe moja moja.

"Tutashiriki kutoka mashini ya mkurugenzi"

Hii ndiyo njia ya mkato inayopendwa. Dosie inafunguliwa kwenye mashini ya bosi na wengine wanaingia. Inakwenda vizuri mpaka bosi asafiri Kinshasa na mashini yake mkobani. Siku hiyo orodha nzima imepanda ndege. Tena Windows ya kawaida, ile ya mezani, imewekewa mpaka na Microsoft: haikubali zaidi ya mashini 20 kuingia kwa pamoja. Haikutengenezwa kuwa ghala.

"Tununue Windows Server, ndiyo ya kweli"

Windows Server ni kazi nzuri, na ofisi kubwa yenye bajeti na fundi wa kudumu inaweza kuichagua bila aibu. Lakini hesabu ifanywe hadharani. Leseni yake inahesabiwa kwa viini vya prosesa, na haiuzwi chini ya viini 16. Bei yake rasmi inapita dola 1,000. Juu yake kuna leseni nyingine kwa kila mtumiaji au kila kifaa kinachoingia. Mashirika ya hisani yanaweza kupata punguzo, ni kweli, ila lazima yaombe, yakubaliwe, na yarudie kuomba muda ukifika.

Kinachotokea kwa kweli kila mtu mjini anakijua: fundi anakuja na kopi iliyovunjwa, anachukua dola 50 na kwenda. Kopi hiyo imefunguliwa na mtu asiyejulikana, na mara nyingi imezimwa ili isipokee marekebisho. Watu wanaoogopa Linux kwa kuwa "haijulikani" wanaweka majina ya maelfu ya watu juu ya programu ya wizi. Na ripoti ya fedha inasema nini kuhusu leseni hiyo?

"Tutumie FTP, tunaijua"

FTP ni ya mwaka 1971, na inaonekana. Katika hali yake ya kawaida inatuma neno la siri likiwa wazi, kila aliye kwenye mtandao uleule anaweza kulisoma. Zaidi ya hapo, FTP inakupa nakala ya kupeleka kwenye mashini yako, kisha unairudisha. Hiyo ni flashi yenye kamba ndefu. Orodha saba zinarudi mlango wa nyuma.

"Wafadhili wametupa klaudi, kila kitu kiko juu"

Hoja hii inastahili heshima kuliko nyingine. Google Drive, OneDrive na Dropbox zinaruhusu watu kufanya kazi pamoja wakiwa mbalimbali, na zinatunza matoleo ya zamani. Ofisi yenye intaneti ya kudumu ingefanya vibaya kuzidharau.

Lakini ofisi ya Kivu si ofisi ya Geneva. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ikakaa hivyo karibu wiki tatu. Januari 2015 ilikatwa vilevile. Januari 2025, mapigano yalipofika Goma, umeme, maji na intaneti vilikatika, wakati huohuo ambapo watu walikuwa wanahama kutoka kambi moja kwenda nyingine na majina yalihitajika kuliko siku zote. Orodha isiyofunguka siku ya vita iliandikwa kwa ajili ya siku gani?

Hata siku za amani, mega zinanunuliwa kwa dola. Ajenti akikosa kifurushi anafanya kazi kwenye nakala ya mashini yake. Anaporudi mtandaoni, Dropbox inakuta matoleo mawili yanayogombana na inayaweka yote mawili. Lile la pili linaandikwa kwamba ni nakala yenye mgongano. Liste_finale_2 imezaliwa tena, safari hii na mashini.

Na usalama? Wanasema majina yakiwa Ulaya yamelindwa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba wavamizi waliingia kwenye seva zilizotunza habari za watu zaidi ya 515,000: waliotengana na jamaa zao kwa vita au kuhama, waliopotea, waliofungwa. Seva hizo zilikuwa kwa kampuni moja nchini Uswisi. CICR ilieleza yenyewe kwamba wavamizi walipitia tundu la programu ambalo lilikuwa bado halijazibwa. Shirika lenye wataalamu na fedha lilipatwa na hilo, likasema wazi, na kwa kusema wazi limestahili heshima. Somo lake ni kwamba umbali si kufuli. Kufuli ni kazi, na inafanywa kila siku, Uswisi kama Himbi.

Klaudi ina nafasi yake: kuwa mahali pa nakala ya akiba, iliyofumbwa kabla ya kutoka ofisini. Iwe mgeni wa ghala, isiwe ghala.

"Courant iko wapi?"

Hili ndilo swali la watu wa hapa, na lina jibu. Seva ya ofisi ya watu kumi si lile sanduku kubwa linalonguruma. Raspberry Pi 4, kompyuta inayoshikika kiganjani, haifikii wati 10 kwa kazi hii. Diski inaongeza kidogo. Paneli ya jua na betri inayowasha taa na kuchaji simu za ofisi inaweza kuibeba.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi. Karibu kila ofisi ina laptopu ya zamani iliyovunjika kioo au iliyochakaa kibodi. Ikiwa diski yake imebadilishwa na betri yake bado inashika, hiyo ni seva yenye betri yake ndani. Courant ikiondoka, haizimiki ghafla na kuharibu mafaili. Mashini ambayo bosi ameiita takataka inaweza kuwa mlinzi wa orodha.

Anayependa kununua sanduku dogo lililotengenezwa tayari kwa kazi hii, lenye diski mbili, anunue. Mengi ya masanduku hayo ndani yake yana Linux na Samba, ila yamepakwa rangi. Ajue tu kwamba likiharibika, kipuri chake hakipatikani Birere, na laptopu ya mitumba inapatikana.

"Hatuna fundi wa Linux"

Mji wenye Institut Supérieur d'Informatique et de Gestion hauna ruhusa ya kusema hivyo. Vijana wanamaliza masomo ya informatiki na kuishia kuuza initi barabarani. Kuweka Samba, watumiaji kumi na dosie tano ni kazi ya siku mbili kwa kijana anayejua, na maelezo yake yamejaa katika Kifaransa. Fedha ambayo ingekwenda kwenye leseni ilipe kijana huyo, na imlipe pia kurudi kila mwezi. Seva isiyotembelewa ni shamba lisilopaliliwa.

Masharti yawe wazi tangu siku ya kwanza. Aandike kwenye karatasi alichokifanya, ili fundi mwingine aweze kuendelea. Azime lugha ya zamani ya SMB, toleo la 1. Ndiyo tundu ambalo virusi WannaCry lilipitia Mei 2017 na kuzifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Samba yenyewe imelizima toleo hilo tangu mwaka 2019. Kama ofisini kuna mashini ya Windows XP inayolidai, basi mashini hiyo ndiyo iondoke kwenye mtandao. Mlango wa wote usiachwe wazi kwa ajili ya mzee mmoja. Windows 7 nayo haipokei marekebisho tangu Januari 2020, na ya Windows 10 yalifika mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mhasibu aambiwe mapema.

Na awafundishe watu adabu ndogo ya ofisi ya mchanganyiko. Linux inaona "Orodha" na "orodha" kuwa majina mawili. Windows inaona moja. Mac itakubali jina la faili lenye alama ya kuuliza, Windows italikataa. Majina mafupi, bila alama za ajabu, tarehe mbele: mwaka, mwezi, siku. Hilo halihitaji dola hata moja.

Siku ya wezi, siku ya volkano

Januari 2025 ofisi na maghala ya misaada mjini Goma viliporwa. Anayeweka seva hapa lazima aiweke akijua kwamba siku moja mtu asiyealikwa anaweza kuibeba. Kwa hiyo diski yake ifumbwe tangu mwanzo: kila kilichoandikwa kinageuzwa kuwa herufi zisizosomeka mpaka neno la siri liandikwe mashini inapowashwa. Linux ina uwezo huo ndani yake, bila malipo. Mwizi atakuwa amepata chuma. Kwa hiyo pia, courant ikiondoka usiku kucha na betri ikaisha, asubuhi lazima mtu mwenye neno la siri afike ndipo kazi ianze. Huo ni usumbufu wa kweli. Uvumiliwe. Neno hilo wawe nalo watu wawili, wasiosafiri pamoja, na lisiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Seva moja pia si akiba. Nyiragongo ilishuka mjini tarehe 17 Januari 2002 ikafunika sehemu ya katikati ya Goma. Ilitoka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka, watu wakaelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi na vile walivyoweza kubeba. Lava haisomi jina la shirika mlangoni. Kanuni ya mafundi ni ya zamani na rahisi: nakala tatu, juu ya vyombo viwili tofauti, moja nje ya mji. Moja kwenye seva. Moja kwenye diski inayofungiwa kabatini kila Ijumaa. Moja, iliyofumbwa, ikae mji mwingine au klaudi. Na kila mwezi mtu ajaribu kufungua nakala hiyo. Akiba ambayo haijawahi kufunguliwa ni maombi, si akiba.

Vurugu ina wenyewe

Yote hayo hayana siri na hayana bei kubwa. Kwa nini basi hayafanyiki?

Uvivu ni sababu mojawapo. Mradi wa miezi sita ni nyingine, kwa kuwa hakuna anayepanda mti kwenye shamba la kukodi. Lakini iko sababu ya tatu, na haitajwi kwenye mikutano. Orodha zikiwa saba, kuna anayechagua ipi itumike leo. Anayeshika flashi anashika mlango. Anaweza kuongeza shemeji yake, anaweza kumsahau mama aliyelalamika wiki jana, kisha aseme: "Ni kosa la mashini." Vurugu ya mafaili ni kiti cha mtu fulani, na anakikalia vizuri.

Samba inaweza kuwekwa iandike kila jambo: nani alifungua faili gani, siku gani, saa ngapi, nani alilifuta. Inaweza kuwa na kapu ambamo faili lililofutwa linakaa badala ya kupotea. Daftari hilo halitasema ni mstari upi uliobadilishwa ndani ya orodha. Kwa hilo unafungua nakala ya jana na kulinganisha. Lakini litasema ni mikono ya nani ilikuwa ndani. Anayeogopa daftari hilo aulizwe kwa nini.

Sheria nayo haiko kimya. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumza juu ya ulinzi wa habari za watu binafsi katika Kongo. Jina, kijiji na alama ya kidole cha mkimbizi ni habari za mtu binafsi. Kutokuwa na nyumba hakumwondolei mtu haki ya jina lake.

Maswali ya kuuliza kambini

Komite za wakimbizi wa ndani zinakaribishwa kwenye mikutano ili zipige makofi. Ziende na maswali. Orodha yetu iko wapi usiku huu? Iko moja au ngapi? Nani anaweza kuisoma, na nani anaweza kuiandika? Intaneti ikikatika, itafunguka? Mashini ikiibwa, mwizi atasoma nini? Nakala ya nje ya mji iko, na ilijaribiwa lini? Jina langu likifutwa, kuna daftari linaloonyesha nani alikuwa humo?

Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji diploma. Ofisi inayoweza kuyajibu imekwisha kufanya kazi yake, iwe kwa Samba, kwa Windows Server iliyonunuliwa kihalali, au kwa sanduku la dukani. Isiyoweza kuyajibu haina haki ya kuchukua jina jipya kesho asubuhi kabla ya kutengeneza mahali pa kulilaza.

Wafadhili nao wana la kufanya. Wanalipa magari, mafuta, semina na fulana. Waandike kwenye kila mkataba mstari mmoja: orodha moja, mahali pamoja, milango iliyofungwa, nakala iliyojaribiwa. Wakija kukagua, waache kwanza picha za ugawaji. Waombe kuonyeshwa kompyuta inayotunza majina. Wakiletewa flashi, wajue wamefika mahali gani.